Kengele Kwenye Ukungu

Jumatatu, 7 Novemba 1955

Nimegonga kengele ya kuanza kazi saa kumi na mbili kamili asubuhi. Kengele yenyewe ni rimu la lori lililotundikwa kwenye mkaratusi, nalipiga kwa kipande cha nondo. Sauti inaingia kwenye ukungu, inazunguka huko mlimani, inarudi imechoka. Halafu wachumaji wanatokea. Vichwa kwanza, kisha mabega, kisha vikapu. Miguu haionekani. Pareto imechanua nyeupe mpaka juu. Maua yanayokaushwa yananuka hadi kwenye blanketi langu. Naipenda harufu hii, na naona haya kuipenda.

Mama ameanza kupika pombe ya ulezi. Ameita watu Jumamosi mchana, baada ya kazi, walime shamba lake la bondeni. Walime, wanywe, waimbe. Tangu baba afariki tumekula kwa njia hiyo.

Jumatano, 9 Novemba

Balaa. Nyapara Elia, Mhehe wa Iringa, ametangaza: maua yamezidi, Jumamosi hii hakuna nusu siku. Kazi mpaka jioni.

Pombe itaiva Jumamosi. Jumatatu itakuwa imechacha. Jumapili haiwezekani. Mchungaji anajua habari za vyungu vya Mama na anajifanya hajui, lakini jembe siku ya Bwana, thubutu! Na mawingu yameshakaa upande wa Rungwe. Mvua ikitangulia, bonde linageuka tope na Mama hapandi kitu mwaka huu.

Ijumaa, 11 Novemba

Sijamwambia Mama. Mwoga mimi.

Miaka miwili iliyopita nilipita nyumba kwa nyumba na karatasi ya Bwana mwenye shamba la pareto, nikiwaandikisha watu. Kuna kazi, kuna blanketi, njooni. Wakaja wote, hata mama wakwe na wazee. Nilijiona mtu. Jioni ile Mama aliniambia neno moja tu: "Umewaita wote, mwanangu. Mimi nitamwita nani?" Nilicheka. Leo sicheki.

Jana niliota nagonga rimu na halitoi sauti. Watu wamesimama kwenye maua, wananitazama, wananisubiri niwaambie ni saa ngapi.

Jumamosi, 12 Novemba

Nimefanya.

Ukungu haukuondoka asubuhi yote. Jua halikuonekana hata kidogo. Mtu angeweza kusema ni alfajiri, mwingine ni magharibi, na wote wawe sawa. Elia alikuwa ameshuka Mbeya na lori kufuata magunia. Bwana amelala na homa. Saa iko ofisini, na ofisini nilikuwa peke yangu.

Saa sita juu ya alama nilitoka nikagonga kengele ya kwenda nyumbani. Niligonga mara kumi na mbili, taratibu, kama jioni.

Hakuna aliyeuliza. Sikutegemea hivyo. Nilidhani angalau Bibi Tabitha, mchumaji mkongwe kuliko wote na mwenye mdomo, angebisha. Akasema tu, "He! Leo jioni imewahi," akatua kikapu. Wakapanga mstari, wakamwaga maua, wakaondoka. Kengele imelia, basi. Niliogopa kuona walivyonitii.

Njia inapita kwa Mama. Alikuwa kasimama kizingitini na vyungu vyake, amejifunga kitenge kipya. Akawapokea, "Karibuni, karibuni, nilijua mtakuja." Wakachukua majembe. Nilishuka nyuma yao nikalima nao.

Ndiyo kwanza tumeanza kulima ukungu ulipofunguka. Jua likatoka. Liko utosini kabisa. Majembe yakasimama. Kila mtu akatazama juu, akatazama kivuli chake kidogo miguuni, akanitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi Tabitha ndiye aliyeanza kucheka. "Mwizi wewe! Umeiba jua!" Akacheka mpaka akakaa chini. Wote wakacheka. Wangeweza kurudi kwenye pareto. Hakuna aliyerudi. Waliimba nyimbo ambazo sijazisikia tangu nilipokuwa mdogo, na mstari wa majembe ukapanda na kushuka, na shamba likaisha jua likiwa bado liko juu. Nimefurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Naandika na malengelenge mikononi.

Jumatatu, 14 Novemba

Nimefukuzwa. Elia hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, nikampa nondo. Aliwaambia wengine kwamba siku nyingine watazame jua wenyewe. Bibi Tabitha akamjibu, "Lipi hilo, Nyapara? Ukungu huu?"

Nimeona uchungu zaidi ya nilivyodhani. Rimu lile nililifunga mimi.

Alhamisi, 1 Desemba

Mvua ilikuja wiki mbili zilizopita, usiku. Polepole, bila ngurumo. Mahindi ya Mama yametoboa. Nimekaa na kuyatazama asubuhi kama mtu asiye na kazi, na kweli sina.

Baadaye tulikuwa tunapalilia, mimi na yeye tu. Ukungu umeshuka tena, mlima hauonekani, pareto haionekani. Kutoka juu kengele ya chakula ikalia. Elia anagonga haraka mno, hana subira. Mama, ambaye hajachuma ua hata moja kwa Bwana, akanyoosha mgongo, akalaza jembe, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Saa sita," akasema. "Njoo ule."

Nikamfuata.