Nipe Jumanne

Jumapili, Germantown, Marekani

Tangu vipimo vionyeshe kwamba mtoto wangu atazaliwa na Down syndrome, hali inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili, kila mtu ana la kusema. Daktari ameniuliza mara mbili kama nitaitoa mimba. Leo kanisani dada mmoja wa kwaya aliniambia, "Kutoa ni dhambi, usithubutu," kisha akaenda zake kuchukua chai. Nilikasirika, ingawa mimi pia naamini hivyo hivyo.

Mama Neema, tunayesali naye na anayefanya kazi ya kutunza wazee, hakuhubiri. Aliuliza tu, "Ukirudi kazini atabaki na nani? Jumanne mimi niko off. Nipe Jumanne."

Nilicheka hadi mtoto akapiga teke.

Bado naogopa, tena sana. Lakini nimemwambia mume wangu kwamba Jumanne ina mtu; kati ya siku tano za kazi, tumebakiza nne tu za kutafutia mlezi.