Cheti cha Maganga

Jumamosi. Mvua ya tangu alfajiri imeigeuza Temeke nzima tope, na mie nimekaa kibarazani sina hata hamu ya kumtania mpita njia. Anayenijua atafikiri naumwa.

Maganga ameondoka leo asubuhi. Amekwenda Tanga, manamba, kibarua cha mkataba, kukata mkonge. Mpishi yule, anayeoka mkate ndani ya debe ukaumuka kuliko wa hotelini, anakwenda kukata mkonge.

Na aliyempeleka huko ni mie.

Hapa mtaani tuna chama chetu cha kutafutiana kazi. Msikiti umetupa baraza, Mwalimu Yohana wa misheni anafundisha kusoma, kina mama wanafundishana cherehani, na anayesikia kuna kazi mahali analeta habari. Mie, niliyekwenda vitani na keya, jeshi la Mwingereza, nikaiona Kolombo, nikala biskuti za Burma, nikawa msomaji wa vyeti. Sikuchaguliwa, nilijichagua. Mzungu akimwachisha mtu humpa karatasi ya kumwonyesha tajiri mwingine, nayo ni ya Kiingereza. Nikawaambia leteni kwangu, Kiingereza mie nimekinywa na chai.

Kweli ni kwamba Kiingereza changu ni cha gwaride na matusi. Shule niliishia darasa la pili.

Maganga alipoleta chake niliona neno la mpishi, nikaona na neno la uzuri. Yaliyobaki nikayaunga mwenyewe. Nikamsomea kwa sauti, baraza zima linasikiliza: mpishi hodari, mwaminifu, atakayempata ameokota lulu. Mtani wangu yule, Mnyamwezi mzima, akatokwa machozi mbele za watu. Akakishonea cheti mfuko wa kitambaa, akawa anakivaa shingoni.

Miezi minane amezunguka nacho Uzunguni, mlango kwa mlango. Wanakisoma, wanamtazama, wanafunga. Akirudi namwambia, "Ni hiyo sura yako, Mnyamwezi, inawatisha watoto wao." Naye anacheka. Tulikuwa tunacheka!

Alhamisi wanachama tuliamua kwenda wenyewe Uzunguni kumdhamini, na Mwalimu Yohana akaomba akione cheti. Alikisoma kimya, akakirudisha, halafu akanivuta pembeni. Kumbe kimeandikwa hivi: huyu ni mpishi, lakini ni vizuri ufunge kabati lako, maana ni mdokozi.

Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana Salumu, hiki tungekichoma siku ile ile."

Nikamwomba aniachie nimwambie Maganga mwenyewe. Mie mwenye mdomo kama zumari, jana kutwa nikamkwepa mtani wangu, nikapita uchochoroni kama mwizi wa kuku. Na jana hiyo hiyo yeye alichoka kungoja kazi. Akaenda kwa wakala wa manamba, akaweka dole gumba.

Leo nimemfuata kwenye lori. Nikamweleza. Akacheka.

"Mzaramo we, hata siku ya safari huna huruma?"

Nikarudia. Akacheka tena, mpaka aliponitazama usoni. Sidhani kama amewahi kuniona sicheki.

Akauvua ule mfuko, akanipa karatasi. "Nisomee."

Nikamsomea kama Mwalimu alivyonisomea, neno kwa neno, mbele ya wenzake waliokwisha kupanda.

"Sijamwibia mtu, mtani."

"Najua."

"Wale hawakunijua," akasema. "Wewe ulinijua. Ungesema tu hujui kusoma."

Nikamnyooshea karatasi yake, asiipokee. Akapanda, akakaa amenipa mgongo. Mkataba hauvunjwi, na wakala alikuwa anahesabu vichwa.

Karatasi nimebaki nayo mie. Imelowa, wino umevuja, lakini sasa hata mie naweza kuisoma.

Jumatatu chama kinakutana. Nitasimama pale barazani niseme kwamba sijui kusoma, kisha nitaomba kila niliyemsomea cheti akipeleke kwa Mwalimu kabla hajabisha hodi kwa mtu. Nimekaa hapa tangu adhuhuri nawakumbuka mmoja mmoja. Dobi wa kule bondeni. Yule mama yaya. Kijana wa Kilwa aliyetaka kazi ya bustani, ambaye siku hizi simwoni.

Nimefika wa tisa, na sura bado zinakuja.