Kijiti cha Kufungulia Soketi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, bado nafua mashuka ya hoteli. Kabla sijasafiri, nilipotaka kununua adapta ulinicheka: "Mtoto wa fundi umeme anashindwa na soketi?" Basi nikaja na kijiti chetu cha kuchokonolea tundu la juu ili chaja iingie. Nikamfundisha na mwenzangu wa chumbani.

Jumapili alitoka kufua, mikono ina maji. Kijiti kilikuwa mfukoni mwangu. Akachukua pini ya nywele, akakosea tundu. Mimi na wenzangu tulimkuta ameshakufa, pini ingali kwenye tundu la chini.

Msimamizi aliuliza nani alimfundisha. Nilisema sijui.

Kama umechonga kijiti kingine, kitupe kabla wadogo zangu hawajakigusa.

Mama wa marehemu alikuwa akinipigia kutwa. Jana simu ilizima. Sijaichaji.

Binti yako.