Sentensi Moja kwa Bi Ardis

Helena, 9 Septemba

Mdogo wangu Verlyn,

Habari za hapo nyumbani? Goti linasemaje, mkeo Tess hajambo, ng'ombe wamepona na ukame ule? Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kugonga milango ya watu hapa mji mkuu wa jimbo nikiiombea kura sheria yetu ya kuzuia pesa za kampuni kwenye uchaguzi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unakata.

Nimetumiwa kile kipeperushi. Uso wa Bi Ardis Lindquist, macho yamepakwa wekundu kama ya mlevi, na maandishi makubwa: ALIKULA PESA ZA WATOTO. Kimetiwa kwenye kila sanduku la barua bonde zima la Larkin. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, eti kimetolewa na "Familia za Kesho Njema". Familia gani hizo? Zinaishi wapi? Hiyo ni kampuni ya shaba ya Cordane, inayotaka kuchimba juu ya kijito chetu. Inataka wewe uende Bunge la jimbo, si yeye, kwa sababu Bi Ardis aliuliza maji yatakuwaje. Familia! Nimecheka mpaka nikataka kutapika.

Habari ya boila unaijua kuliko mimi. Lilipokufa boila la kupasha shule joto katikati ya Januari, Bi Ardis aliuza ndama wake akanunua jingine palepale, halmashauri ya shule ikamrudishia alichotoa. Hiyo ndiyo "kula" yenyewe. Lile bovu ulilibeba wewe kulitoa nje, ukanililia mgongo wiki nzima.

Sikuombi ujitoe. Gombea, umshinde ukiweza. Nataka sentensi moja tu kwenye gazeti la Larkin kabla ya siku ya kura: "Yanayosemwa juu ya Bi Ardis ni uongo, mimi nilikuwepo." Mama alipolazwa, tulikula kwa Bi Ardis majira yote ya baridi. Sentensi moja haitakuua.

Dada yako,
Nola


Larkin, 17 Septemba

Dada Nola,

Salamu zimefika, na makofi yake pia. Sisi hatujambo. Goti linalia kama mlango wa banda, Tess anakusalimu na anauliza kama huko Helena siku hizi mnakula au mnakusanya kura tu.

Sasa sikiliza. Kile kipeperushi sikukiandika mimi, wala sikukiomba. Nilikikuta sandukuni kama kila mtu. Na sheria inanikataza kupanga lolote na hao watu, kwa hiyo hata kuwaambia waache siwezi. Ningefanyaje?

Na nyie na hiyo sheria yenu! Mnataka kampuni zizibwe mdomo. Kwani wenye mgodi hawana haki ya kusema wanachokitaka? Bonde hili linakufa, Nola. Watoto wote wa shule wanaenea kwenye pikapu moja. Wewe ulihama, hukuyaona.

Brock, kijana wa mji wa Billings anayenishauri kwenye kampeni, anasema nikikanusha nitaonekana dhaifu na nitawaudhi wanaonisaidia. Kura zikipita nitakwenda kwa Bi Ardis na boksi la donati, tutakunywa kahawa, yataisha. Yule mama ana moyo mkubwa.

Mdogo wako,
Verlyn


Helena, 25 Septemba

Verlyn,

Natumaini nyote wazima. Mimi nina afya ya mtu mwenye hasira.

Sheria inakukataza kupanga na wao. Haikukatazi kusema na sisi. Au hilo Brock hakukueleza? Huyo kijana ana umri gani, na tangu lini mjukuu wa Oda na Einar Tveit anasubiri ruhusa kutoka Billings ndipo aseme kweli?

Na kuhusu kuziba mdomo, nitakueleza polepole kama ninavyowaeleza wazee milangoni. Kampuni haikuzaliwa na mama. Jimbo ndilo linaloiandikisha, na jimbo ndilo linaloipa uwezo wake: kumiliki ardhi, kuajiri, kushtaki na kushtakiwa. Sheria yetu inasema uwezo wa kumwaga pesa kwenye kura hatuutoi tena, kwa kampuni yoyote, ya hapa au ya kuja. Ukimpa mtu ufunguo wa ghala hujampa wa chumba chako cha kulala. Mwenye kampuni akitaka kusema, ana mdomo wake. Aje ukumbini Larkin, asimame, aseme jina lake, amtazame Bi Ardis usoni amwambie ni mwizi.

Hatakuja. Hao wanaogopa hata kuandika majina yao. Ndiyo maana babu zetu, walipochoka kuona matajiri wa shaba wakinunua wabunge kama kondoo, waliweka sheria ya kuwazuia ikadumu miaka mia, mpaka Mahakama ya Juu ya nchi kule Washington ilipoitupa. Babu Einar hakuwa na shule, lakini aibu alikuwa nayo.

Bado nasubiri sentensi.

Dada yako,
Nola


Larkin, 19 Oktoba

Dada Nola,

Pole na kazi. Huku theluji ya kwanza imeanguka, ng'ombe tumewateremsha wote salama kutoka mlimani.

Nakuandikia kabla hujaambiwa na wengine, maana najua utaambiwa. Jumamosi ulikuwa mnada wa pai wa kuchangia zimamoto ya kujitolea. Bi Ardis alileta ile yake ya matunda ya cheri. Unajua kila mwaka watu wanavyoigombania, mwaka jana ilifika dola mia mbili. Dale, mnadi wetu, alipoinyanyua juu na kuanza kutaja bei, hakuna aliyenyanyua mkono. Akashusha bei, akashusha tena. Watu wakawa wanatazama viatu vyao. Hata akina Haugen, dada, ambao shamba lao liliungua Bi Ardis akawapa nyasi bure.

Bi Ardis akasimama akasema kwa sauti, "Msiogope, haina pesa ya shule ndani. Ni cheri tu." Mwisho Dale akainunua mwenyewe kwa dola tano.

Mimi nilikuwa meza ya mbele. Mkono ulitaka kunyanyuka, wallahi, lakini Brock alikuwa pale na mtu wa picha, akanigusa goti. Nikajiambia si mahali pake. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Unafurahi?

Mdogo wako,
Verlyn


Helena, 23 Oktoba

Verlyn,

Sifurahi. Ninakudharau, na sikujua kama dharau inauma hivi mtu akiwa damu yako.

Wabunge wa enzi za shaba walikuwa mafisadi, lakini angalau walipewa bahasha mkononi. Wewe wamekuchukua bure! Wamekugusa goti tu ukakaa. Cordane hawajakulipa hata bei ya pai, na bado unawatumikia kuliko mbwa wako anavyokutumikia wewe.

Usiku hulali kwa sababu unaijua kweli. Iseme. Siku ya kura haijafika bado, na gazeti linatoka Alhamisi.

Nola


Larkin, 12 Novemba

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umepunguza hasira. Najua umesikia. Nimeshinda, kwa kura chache, lakini ushindi ni ushindi. Na sheria yenu nayo imepita jimbo zima! Kwa hiyo tumeshinda wote wawili, tunaweza kupeana mikono.

Na sentensi yako nimeitoa. Iko kwenye gazeti la wiki hii, nimekukatia nakuambatanishia: "Bi Ardis Lindquist ni raia mwadilifu aliyeitumikia jamii yetu kwa miaka mingi." Brock alirekebisha kidogo. Nilimpelekea Bi Ardis na donati. Taa ilikuwa inawaka lakini hakufungua.

Wanasheria wa Cordane wamenitembelea. Wanasema Januari kutaletwa muswada wa kuifuta sheria yenu kabla haijaota mizizi, wanauliza nitapiga kura upande gani. Nimewaambia nitafikiria. Ona, hata sikuwaambia ndiyo!

Njoo Sikukuu ya Shukrani. Tess ameshanunua bata mzinga mkubwa. Kiti chako kipo.

Mdogo wako akupendaye,
Verlyn


Larkin, 30 Novemba

Verlyn,

Ule mkato wa gazeti nimeusoma. Umemsifu kama wanavyosifiwa waliokwisha kuzikwa. Neno "uongo" halimo, "nilikuwepo" halimo, na kura zimekwisha hesabiwa. Sentensi hiyo haimfai mtu yeyote ila wewe.

Sikukuu ya Shukrani nilikuja bondeni. Gari langu uliliona, najua, maana ulipunguza mwendo pale lango la Bi Ardis kisha ukaondoka mbio. Tulikula kuku wa jana, mimi na Bi Ardis. Aliniuliza mara moja tu, "Hivi kweli Verlyn amesahau lile boila?" Nikamwambia hukusahau. Nilitamani niweze kusema umesahau.

Nyonga yake imeharibika. Barafu ya kwenye birika la ng'ombe, uliyokuwa ukimvunjia kila baridi, hawezi kuivunja tena, na aibu inamzuia kumwita mtu. Nimechukua likizo kazini kwangu maktaba mpaka ndama wake wazaliwe. Ninalala chumba chake cha juu. Januari, muswada wenu ukija, tutapanda gari sote wawili mpaka Helena tukae pale juu Bungeni kwenye viti vya watazamaji, ili utakapopiga kura hiyo unayoifikiria uwe umetuona.

Asubuhi utaniona ng'ambo ya waya wa mpaka wenu, na shoka. Usinipungie mkono. Ukiwa na neno, mletee Bi Ardis mwenyewe, mbele ya watu, kwa sauti ileile uliyoombea kura.

Msalimie Tess.

Jirani yako,
Nola Tveit