Gemu Aliyoniachia Gwiza

Kicukiro, Kigali
Jumapili jioni

Dada yangu Trinah,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wale watundu wako watatu, na mama miguu iwe imepungua kuvimba. Huku Kigali mvua zimetukamata kweli, lakini mwili wangu hauna shida. Shida iko rohoni, ndiyo maana nimeshika kalamu. Najua utacheka, nani anaandika barua siku hizi? Lakini kila ninachokutumia kwa simu mama anasikiliza bega kwa bega nawe, na haya nataka uyasome peke yako kwanza. Ni habari za mdogo wetu, marehemu Gwiza, na za Silvère.

Usikunje uso. Najua jina la Silvère halitajwi huko Karagwe tangu siku ile ya kuondoa ikiriyo, tulipomaliza matanga ya Gwiza, alipokuja na kreti yake ya soda kichwani kama mfiwa mwenzetu, na mjomba Kagabo akamwambia airudishe alikoitoa. Alimwambia mbele ya watu wote kwamba aliyeishi chumba kimoja na mgonjwa wa pumu, akamwacha peke yake mpaka akafa, hanywi na wafiwa. Wewe ulisema afadhali mjomba amesema. Mimi nilikuwa nakunja na kukunjua leso.

Sasa sikia. Wiki tatu zilizopita Silvère alibisha hodi kwangu. Amekonda, maskini, bado anaoka mikate Kimisagara. Alileta boksi, ndani yake ile mashine ya gemu ya Gwiza na rimoti zake mbili. Alisema anahama kile chumba, na si haki yeye kuendelea kukaa na mali ya marehemu wakati dada yake yuko hai. Nilimkaribisha chai, akakataa, akaondoka.

Unakumbuka nilivyoidharau gemu ile. Ya zamani, picha zake za vijisanduku, kijitu kinarukaruka kutoka mwamba hadi mwamba, kinaanguka, kinaanza tena. Nilikuwa namsimanga Gwiza kwamba wenzake wa miaka ishirini na tisa wanatafuta mke, yeye anatafuta pa kuruka. Alikuwa anacheka tu, ananiomba nijaribu, mara moja tu. Miaka yote ile sikushika rimoti hata siku moja.

Basi Jumapili moja baada ya ibada nikaiwasha, kwa hasira zaidi kuliko hamu. Dada, kweli ya Mungu, ni tamu! Sikutegemea. Kijitu chako kinapanda mlima, na ukikosea hakifi. Kinaporomoka, kinajipangusa vumbi, kinakutazama kama kinauliza, sasa hiyo ndiyo nini? Nilicheka peke yangu sebuleni. Kuna daraja lililonitoa jasho, nimeanguka hapo sijui mara ngapi, na siku nilipolivuka nilipiga vigelegele hadi jirani yangu mama Manzi akaja kuuliza kama nimechumbiwa. Sijacheka hivyo tangu tumzike Gwiza, na niliona aibu kidogo.

Ndipo nikafungua ile sehemu inayohifadhi michezo ambayo haijaisha, nikakuta jina langu. Gwiza alikuwa ameanzisha mchezo wa watu wawili: mwekundu ni GWIZA, wa njano ni MUKUNDE. Nikaufungua, nikapewa wa njano. Yule mwekundu, kwa kuwa hakuna mtu wa kumchezesha, alikaa chini kwenye ukingo wa mwamba, akageuza shingo, akanitazama. Gemu imetengenezwa hivyo, najua. Mmoja akikosa mtu hukaa akamngoja mwenzake, na wa pili hawezi kuendelea bila yeye. Lakini niliganda. Nikarudi nyuma, ananitazama. Nikaruka juu yake, ananitazama. Nikazima.

Tangu hapo wimbo wake mfupi unanifuata. Uko nami kwenye ngazi za ofisi Kacyiru, uko kwenye foleni ya basi, naosha vyombo najikuta naupiga mluzi. Nikirudi kazini nawasha, namkuta amekaa palepale. Naogopa, Dada, na kuacha siwezi. Chini ya majina yetu pameandikwa siku na saa mchezo ulipohifadhiwa. Ni Jumamosi ile aliyofariki. Saa saba na dakika ishirini mchana alikuwa bado hai.

Sasa niseme, la sivyo nitachana karatasi hii kama nilivyochana zilizotangulia. Niliwaambia kwamba Jumamosi ile ilikuwa ya umuganda, watu wote wako kwenye kazi ya pamoja ya mwezi, barabara zimefungwa, pikipiki hakuna, ndiyo maana nilichelewa kufika. Mliniamini, maana nani asiyejua kwamba asubuhi ya umuganda gurudumu halizunguki Kigali? Nilidanganya. Umuganda uliisha saa tano, kama siku zote. Silvère alinipigia saa sita na nusu, nikiwa mkahawani pale Sonatubes nakunywa chai na Natacha wa ofisini. Kutoka hapo hadi mlangoni kwa Gwiza ni dakika kumi kwa miguu. Aliniambia kifua cha Gwiza kimembana tangu alfajiri, na zamu yake ya mikate inaanza, je, naweza kwenda kukaa naye? Nikamjibu nimeshafika kwenye geti, aende tu. Aliondoka kwa neno langu.

Halafu Gwiza mwenyewe akapiga. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, au mimi ndivyo nilivyotaka kuisikia. Alisema ameshaandaa gemu ya watu wawili, ananingoja mimi tu. Nikakasirika. Nikajisemea, kumbe ni huu mchezo wake wa kitoto! Nikaagiza chai ya pili.

Nilifika saa tisa. Televisheni ilikuwa inawaka, ule wimbo unaimba, na kijitu chekundu kimekaa chini. Rimoti ya pili alikuwa ameniwekea kwenye kiti cha pembeni. Dawa yake ya kupuliza ilikuwa imeviringika chini ya kitanda, mtu mwingine angeinama tu akampa. Niliiokota nikaitia mkobani. Hata hilo sikumwambia mtu. Nilimuua mdogo wetu kwa uvivu na dharau, nikamwacha Silvère abebe.

Jana nilimfuata Kimisagara, nikamkuta anapanga mikate. Nilimuuliza kwa nini siku ile mbele ya mjomba hakusema kwamba mimi ndiye niliyemwambia aondoke. Hakuacha kupanga. Alijibu kwamba mama alikuwa amezika mtoto mmoja wiki ile, naye hakuona sababu ya kumnyang'anya wa pili. Nililia pale mbele ya wateja, akanipa kitambaa cha kufunikia unga nijifute.

Barua hii naipa dereva wa basi la kesho, itakufikia kabla yetu. Nasema yetu, kwa sababu Ijumaa tunakuja wawili, nimembembeleza Silvère mpaka amekubali. Usimwambie mama lolote. Nataka alisikie kutoka kinywani mwangu, na Silvère awe ameketi hapo akisikia jina lake linasafishwa. Mjomba Kagabo nitamwendea mwenyewe. Mkinifungia geti sitamlaumu mtu, nitalala hata stendi. Lakini yeye mfungulieni.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na mama mshikie mikono kwa niaba yangu bila kumwambia kwa nini. Mungu akulinde hadi tuonane uso kwa uso, ukiwa bado unataka kuniona.

Ni mimi mdogo wako,
Mukunde