Fungu Letu la Tumboni

Kwako Bonge, pacha wangu,

Pokea salamu zangu nyingi, zikukute mzima wewe na wifi, pamoja na huo mgongo wako unaolalamika kila ukiinua mbao. Sisi huku ni wazima, ingawa huo uzima nitaueleza mbele kidogo. Weka randa pembeni, kaa chini, usome taratibu.

Najua umeninunia. Wifi alinidokeza kwamba unasema nimepata mji nimesahau kwetu, maana simu zangu siku hizi ni za harakaharaka. Hapana, Bonge. Nilikuwa nakuficha jambo, na shemeji yako nilimwapisha asitoboe siri.

Lilianzia kwenye cherehani. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa saba, miguu imevimba hadi nakanyaga cherehani peku, kichwa kinagonga. Nilipokuwa natunga uzi, nikaona sindano mbili, kila moja na tundu lake. Nikacheka, nikamwambia mwenzangu wa meza ya pili kuwa leo nimepata msaidizi. Yeye hakucheka. Alifunga duka, akanishika mkono hadi hospitali. Presha ilikuwa juu kiasi kwamba muuguzi aliipima tena akidhani mashine imeharibika.

Wakanilaza. Daktari wa wodi, mama mmoja mpole mwenye sauti ya kukwaruza, aliniuliza nilizaliwa na uzito gani. Nikamwambia kilo sizijui, ila hadithi naijua: tulizaliwa wawili, mmoja bonge, mwingine kijiti, na majirani wakamnong'oneza mama asinizoee sana. Nikamwambia na ule utani wa nyumbani, kwamba kaka yangu alikula chakula chote tumboni, mimi nikaachiwa makombo.

Alitabasamu, akavuta kiti. Akanieleza kwamba figo za mtu huumbwa akiwa tumboni, na vichujio anavyozaliwa navyo ndivyo atakavyozeeka navyo. Mtoto anayepata kidogo huko ndani, mwili wake hubana matumizi: hulinda ubongo kwanza, na figo hujengwa kwa kilichobaki. Ukubwani figo hizo zenye vichujio vichache hubebeshwa mzigo uleule wa wengine, na kwa baadhi ya watu presha hupanda mapema. Alisema si wote, na kwangu hawezi kuapa kuwa ndiyo sababu pekee, kwani mimba nayo huja na presha zake.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo daktari, ni kweli kaka yangu alikula fungu langu?"

"Thubutu!" akasema. "Kila mtoto hula kinachofika kwenye kitovu chake. Kwako kondo la nyuma halikuleta vya kutosha, basi. Kaka yako alikuwa na kosa gani, naye amefumba macho kama wewe?"

Bonge, nilijifunika shuka nikalia. Nilikuona unanisukumia nusu ya mkate wako kila asubuhi, unasema umeshiba, na tumbo linakuunguruma. Ulinibebea begi mpaka darasa la mwisho, wenzako wakikucheka. Kumbe ule utani wewe hukuwahi kuuona utani. Na mama, kila tukiucheka, aligeukia jikoni. Naye hana kosa; alikula alichokipata.

Ndiyo maana nilinyamaza. Ningekwambia, ungekuja mbio kujilaumu.

Sasa neno lenyewe. Presha iligoma kushuka, wakaamua mtoto atolewe kabla ya wakati wake. Umeshakuwa mjomba. Ni msichana, anaenea kwenye viganja vya baba yake, na masikio amechukua yako, maskini. Nakuandikia akiwa amefungwa kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani. Ndivyo wanavyolelewa hawa waliotangulia miezi yao. Mwanzo alilishwa kwa mrija. Sasa ananyonya mwenyewe, na ziwa likichelewa anakunja ngumi. Anaongezeka. Daktari anasema mwili wake bado unajengwa: anyonye, apate chanjo, tusimshindilie chakula kwa pupa ya kumnenepesha, na akikua awe anapimwa presha. Mimi nina vidonge vyangu, na chumvi tumeachana.

Nina ombi. Shemeji yako amerudi kwenye lori lake, nami usingizi unanidai. Nilimuuliza muuguzi kama lazima kifua kiwe cha mama. Akasema joto ni joto, aje yeyote mwenye kifua kisafi na subira. Nikamwambia ninaye mmoja, kifua kipana kama mlango.

Njoo, Bonge. Ukipita kwa mama, mweleze mwenyewe, uso kwa uso, aliyosema daktari. Wifi mpe salamu zangu, mwambie akuazime kwetu kidogo. Oga vizuri, vumbi la mbao liache karakanani, na uvae shati la vifungo.

Wako wa tumbo moja,
Kijiti