Wimbo wa Tokuhisa

Jumatatu, 16 Februari
Nafasi ya mdakaji wa pili, wa kudaka mipira ya mrushaji, bado iko wazi kwenye timu yetu ya besiboli. Katuambia waandishi wa habari kocha mkuu Ubukata leo asubuhi, amesimama, hakutaka hata kiti. Mdakaji wa kila siku ni Sakamaki, hilo halina mjadala. Wa pili atakuwa Tokuhisa, miaka 37, au Komine, miaka 22. Atakayekosa anashuka timu ya pili. Komine akishuka atapanda tena. Tokuhisa akishuka, kwisha habari yake.

Misimu minne tumemaliza mkiani. Mashabiki waliomba mpigaji mzito, klabu ikaleta mrushaji mwenye bega bovu. Kwa hiyo hasira zote zinaishia kwa Tokuhisa, mkongwe ambaye siku hizi hapigi kitu. Leo mzee mmoja kwenye uzio wa kambi ya mazoezi: "Tokuhisa, mjukuu wangu anakimbia kuliko wewe!" Tokuhisa akamuuliza mjukuu ana miaka mingapi. Minne. "Basi mlete, tunahitaji watu." Watu wakacheka. Dakika tano baadaye wakamzomea tena.

Jumapili, 1 Machi
Mkutano wa kikundi cha ushangiliaji, ghorofani kwa muuza jodari. Kiongozi ni Bi Okabayashi, wote tunamwita mama, mwalimu wa udereva — anaendesha kikao kama anavyoendesha wanafunzi, huku mguu uko kwenye breki.

Shida: Komine hana wimbo. Kila mchezaji wetu ana wake, tarumbeta huupiga zamu yake ya kupiga mpira ikifika. Mtu akiondoka, wimbo unalazwa au unarithiwa. Lakini haurithiwi mwenyewe akiwa bado amevaa jezi. Hilo hata watoto wa hapa mjini Kochi wanalijua.

Mpiga ngoma wao, Nakauchi, akataka Komine apewe wa Tokuhisa. "Mama, ule ndio wimbo mzuri kuliko zote, na unaozea kwa mtu asiyepiga."
Bi Okabayashi: "Bado ni mchezaji wetu."
"Zimebaki wiki tatu tu kikosi kitajwe. Na kocha akisikia, ataelewa tunataka nini."

Wakapiga kura. Mikono mingi. Wa mama ukapanda mwisho, taratibu. Nilimuuliza kama Tokuhisa ameambiwa. Akasema ataambiwa akishashushwa.
Niliandika aya tatu. Mhariri akazikata, zikabaki mbili.

Jumamosi, 14 Machi
Mechi ya kujipima nguvu, nyumbani. Tokuhisa alidaka vipindi sita, safi. Cha saba kocha akamwingiza Komine apige badala yake. Wakimbiaji wetu wawili wako vituoni, tumeachwa kwa mkimbio mmoja.

Tarumbeta zikaanza wimbo wa Tokuhisa.

Nilikuwa natazama benchi. Tokuhisa alikuwa anafungua kinga za miguu. Aliposikia, akainuka, akanyoosha mkono kuchukua kofia ngumu. Mazoea ya miaka kumi na tano. Kisha akaona mgongo wa Komine uwanjani. Akakaa, akaendelea kufungua kinga.

Komine naye alimwona. Akamwomba mwamuzi asimamishe mchezo kidogo, akageukia majukwaa, akapunga mkono chini: acheni. Wao wakadhani anawachochea. Wakaongeza sauti. Mipira mitatu ikapita katikati, rungu lake halikutikisika. Ametolewa. Tumefungwa.

Baada ya mechi nilimuuliza Komine. "Kaka amekaa pale, nami napigiwa wimbo wake. Ningepigaje?"
Kocha alikuwa mfupi zaidi: "Anayezimwa na tarumbeta nitampeleka wapi?"

Jumapili, 15 Machi
Bi Okabayashi kapiga simu. Nakauchi sasa anasema kura ilikuwa wazo la mama. Mama anataka kujua kama wamemharibia kijana. Nikamwambia sijui. Sijui kweli.

Jumamosi, 21 Machi
Mechi ya mwisho ya kujipima. Tarumbeta kimya kwa wote wawili, makofi tu. Komine kapiga mara mbili safi. Tokuhisa hakupiga kitu, ila alimnasa mkimbiaji wao aliyetaka kunyemelea kituo cha pili, kwa mrusho ambao Komine hana bado. Mizani palepale.

Jioni mama alimsubiri Tokuhisa kwenye mlango wa wachezaji, akainama mpaka mkoba ukagusa lami. Nakauchi nyuma yake, akainama kidogo tu.

Tokuhisa: "Inuka, mama. Mgongo huo una kazi ya kufundisha watu kurudisha gari nyuma."
"Nisamehe."
"Mngesubiri nishuke kwanza."

Alisema bila ukali. Akaingia garini. Nakauchi akaniomba nisiandike. Nikamwambia tayari nimeandika.

Jumanne, 24 Machi
Komine ametungiwa wimbo wake. Nimeusikia: mfupi, wa haraka haraka, unafaa. Ule wa zamani umerudi kwa mwenyewe. Mama kawaagiza wapiga tarumbeta wajue nyimbo zote mbili, maana hakuna anayejua nani atapanda. Nakauchi bado anamtaka Komine, ila siku hizi anasema kwa sauti ndogo.

Saa mbili usiku kocha Ubukata alinipigia. Yeye huwa hapigi, hupigiwa.
"Wale watu wako wa tarumbeta. Tokuhisa akiingia Ijumaa, ligi ikianza, watampigia au watamzomea?"
"Si watu wangu, kocha."
"Jibu."
"Wanasubiri uamue."
Nikasikia anatafuna kitu. "Nikimpandisha mzee halafu wakamzomea mechi ya kwanza, nimemfanyia nini? Nikimpandisha kijana wakapiga tena wimbo wa mwenzake?"
Nikamwambia mama ameahidi hawatapiga.
"Aliahidi nani, mama au yule wa ngoma?"
Akakata kabla sijajibu.

Majina ya kikosi cha kwanza yanatoka kesho, Jumatano, saa kumi alasiri. Saa kumi na moja wapiga tarumbeta wanakutana kando ya mto Kagami kwa mazoezi. Nimempigia Nakauchi kumuuliza wataanza na wimbo upi. Hajapokea.